Kilima na furu ni shauri moja

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, walimu, ndugu zangu wavuvi mliokesha na karabai na bado mkaona mje, mama zetu wa kokoto, na ninyi wanafunzi mliojaza viti vya mbele: mwangaluka!

Nimeombwa niseme neno kuhusu Capri Point na maeneo yanayoizunguka. Nadhani aliyenialika alitarajia nisifie mandhari: machweo, hoteli, upepo wa jioni. Wapo wanaolifanya hilo vizuri kuliko mimi, na picha mnazo kwenye simu zenu. Mimi leo nataka tuzungumzie pale mwamba unapozama majini, na kinachoendelea huko chini hatua mbili tatu tu kutoka mahali watu wanapopigia picha. Halafu tupande kilimani, kwa sababu yanayotokea chini ya maji yanaanzia huko.

Kwa wageni wetu, Capri Point ni ile rasi ya mawe inayochomoza ndani ya Ziwa Victoria kutoka katikati ya jiji letu la Mwanza. Ukiwa na nafasi unafika kwa miguu. Ukisimama pembeni mwa maji, mbele yako ni Ghuba ya Mwanza, ng'ambo ni Sengerema, na karibu kabisa, safari ya dakika chache kwa boti, ni kisiwa cha Saanane. Kwa upande wa kivuko cha Kamanga utaliona Jiwe la Bismarck, lile ambalo mgeni akilitazama kwanza hujiuliza mbona halianguki. Wajerumani waliojenga kituo chao hapa mwaka 1892 ndio waliolibandika jina la waziri wao mkuu wa zamani. Jiwe halikuombwa maoni. Ghuba yenyewe ni ndefu, takriban kilomita 60 kuingia nchi kavu kuelekea kusini, ila ni nyembamba. Ndiyo maana daraja la kama kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limetosha kuivuka, na foleni ya kivuko imebaki hadithi ya kuwasimulia watoto.

Sasa mawe. Watoto huniuliza nani aliyapanga. Na watu wazima huuliza, wanaona aibu tu. Hakuna aliyeyapanga wala kuyapandisha. Graniti hii ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na iliganda chini sana ardhini, polepole mno, ndiyo sababu chembe zake ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Kaeni karibu na jiwe lolote lililopasuliwa karibuni muangalie: zile chembe nyeupe au za rangi ya waridi ni felispa, zile za kijivu zinazong'aa ni kwatsi, na vile vidoa vyeusi vinavyomeremeta mkigeuza kichwa ni ulanga. Jiwe lilipata nyufa, nyingine wima, nyingine za kulala. Maji ya mvua yakaingia kwenye nyufa yakaanza kuliozesha, na yalianzia pembeni, kwa sababu pembe hushambuliwa pande tatu kwa mpigo. Baada ya muda mrefu, lililokuwa na pembe likawa mviringo, na hata leo linaendelea kubanduka tabaka kwa tabaka, kama kitunguu. Sehemu iliyooza ikawa changarawe na udongo, mvua ikauchukua, mawe magumu yakabaki wazi moja juu ya lingine. Yalikuwepo hapohapo. Udongo ndio ulioondoka.

Hilo la udongo kuondoka likumbukeni, maana nitalirudia kwa nia mbaya.

Ziwa ni mdogo sana kwa umri mbele ya mawe haya. Tunalisifu kwa ukubwa, kilomita za mraba zipatazo 68,800, la kwanza Afrika, lakini kina chake ni cha kawaida tu. Pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, wakati jirani yetu Tanganyika anapita mita 1,400. Ziwa lisilo na kina hukauka upesi hali ya hewa ikibadilika, na hili limewahi kukauka. Watafiti walipotoboa tope la chini ya ziwa, chini yake walikuta udongo wa nchi kavu. Yaani pale mnapotupa nyavu leo palikuwa mbuga. Maji yalianza kurudi takriban miaka 15,000 iliyopita, na yaliporudi yakayakuta mawe yakiyasubiri.

Hapo ndipo anapoingia furu.

Najua wavuvi mmeanza kutabasamu. Furu! Samaki wa mtoto mwenye ndoana ya pini. Lakini ndani ya muda huo mfupi, furu wa ziwa hili waligawanyika hadi wakafika aina zaidi ya 500, jambo ambalo wanasayansi wa dunia nzima wanalitaja wanapotafuta mfano wa viumbe kubadilika kwa kasi. Yuko mwenye meno madogo yaliyopangwa safu kwa safu kwa ajili ya kukwangua mwani juu ya jiwe. Yuko mwenye taya nene za kuvunjia konokono. Yuko anayewinda wadudu kwenye nyufa, na yuko, samahani kwa kina mama, anayeishi kwa kunyang'anya mayai na watoto wa wenzake. Karibu wote hawa mama hulea mdomoni. Akishataga huyachukua mayai kinywani, akayatunza humo hadi watoto wanapoweza kuogelea, na siku zote hizo chakula chake mwenyewe ni cha kubahatisha. Ukimkamata furu mwenye shavu lililovimba, mrudishe majini. Umeshika familia nzima.

Kwenye mawe ya rasi na visiwa vidogo vya ghuba hii wapo furu wa namna yake, ambao hawakai mchangani kabisa. Dume ana mwanya wake kati ya jiwe na jiwe, anaulinda mchana kutwa, na mwanya ule ndio posa yake: jike hupita, huangalia, huchagua. Anachagua kwa rangi. Mmoja wa samaki hawa alipewa na wataalamu jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Kitaalamu leo anaitwa Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu na mbavu za manjano zenye mistari myeusi. Ana ndugu yake wa karibu sana, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la kibuluu. Wanakaa kwenye jiwe lilelile, yule wa buluu juu zaidi karibu na uso wa maji, mwekundu chini kidogo. Ukiwaweka kwenye sahani huwezi kutofautisha majike yao. Wao wenyewe wanajua, mradi waweze kuonana vizuri.

Nitawaambia kwanini nimeanza na mapenzi ya samaki. Subirini kidogo, kwanza tupite kwa sangara.

Sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kwa muda hakutikisa sana, kisha miaka ya 1980 akalipuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wamekwisha piga kambi hapa Mwanza tangu mwisho wa miaka ya 1970, wakivua na kuhesabu furu wa ghuba hii. Hawakuja kutazama msiba. Walikuja kuhesabu aina. Wakajikuta wanaandika jinsi nyavu zilizokuwa zikijaa furu zinavyogeuka kuwa nyavu za sangara. Aina zipatazo 200 zinakadiriwa kupotea katika ziwa zima. Sisemi sangara ni laana. Viwanda vya minofu vya jiji hili vimesomesha watu waliopo humu ukumbini, na wapo mliojenga kwa mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara. Nasema yaliyotokea.

Lakini penye mawe hali haikuwa hiyo. Furu wa maji ya wazi na wa matope waliliwa karibu kumalizwa, wa miambani wakaponea kwa kiasi kikubwa. Sababu haihitaji darubini. Sangara ni samaki mkubwa, anaweza kufika karibu mita mbili, na mtu wa mita mbili haingii kwenye mwanya wa vidole vinne. Anazunguka nje, anachungulia, anaondoka. Na kuna mlinzi wa pili ambaye ninyi wavuvi mnamjua kuliko mimi: kokoro halivutwi kwenye mawe. Nyavu ile inataka chini papo laini, mchanga mtupu, ndipo ikokote kila kitu pamoja na vifaranga. Ukiipitisha penye miamba utarudi nyumbani na kamba. Kwa hiyo hata pale ambapo sheria inayokataza kokoro imelala usingizi, jiwe halilali.

Basi ufuo huu wa mawe, ambao mtu wa mipango miji huuona kama kero na wa kujenga huuona kama gharama, ndio uliotunza mbegu ya samaki wa ziwa wakati kwingine kote kumekwisha. Hilo ndilo neno langu la leo, na kama una haraka unaweza kuondoka sasa.

Mliobaki, tuendelee, maana mbegu hiyo sasa inatafutwa kwa njia nyingine. Safari hii adui hana meno.

Kuna kifaa rahisi sana cha kupimia uangavu wa maji: sahani ya duara iliyopakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa robo, imefungwa kamba yenye alama. Unaishusha majini kutoka kwenye mtumbwi, upande wenye kivuli, huku unaiangalia. Inaanza kufifia, weupe unageuka kijani, kisha unakuwa wa chai, kisha huioni. Unasoma kamba. Wanafunzi, hiki mnaweza kukitengeneza kwa mfuniko wa ndoo na jiwe la kuzamishia. Watafiti wamefanya hivyo kutoka kusini mwa ghuba kwenda kaskazini, kisiwa kwa kisiwa. Huko ndani kusini, kwenye kisiwa cha Luanso, sahani inapotea kwenye kama nusu mita. Ukija kaskazini, Kissenda, inazidi kidogo. Ukifika Makobe, kule ghuba inakofungukia ziwa kubwa, unaiona hadi zaidi ya mita mbili.

Sasa angalieni samaki. Makobe, mwekundu ni mwekundu na wa buluu ni wa buluu. Ni aina mbili na hazichanganyiki. Ukielekea kusini unaanza kukuta wa katikati. Ukifika Luanso, hakuna tena wawili: ni kundi moja la samaki wa rangi iliyofifia, si wekundu si wabuluu. Hakuna aliyewala wala aliyewavua. Kilichotokea ni kwamba maji yamechafuka, mwanga haufiki unavyopaswa kufika, jike haoni tofauti, anachukua yeyote. Aina mbili zinapotea bila mzoga hata mmoja kuelea. Mtafiti mmoja, Ole Seehausen, na wenzake walilitangaza hilo mwaka 1997, na waliloliandika lilianzia kwenye mawe ya Mwanza. Ulaya wanajifunza darasani jambo ambalo mtoto wa Igogo angeweza kulitazama mwenyewe kutoka ngalawani. Linaniuma kidogo.

Basi tupande kilima. Nilisema nitaurudia udongo.

Vilima vya mji huu, Mabatini, Igogo, Isamilo, Bugando na vingine, vimejengwa kwa mawe na udongo kidogo ulioshikwa na mawe. Kila jiwe kubwa lina kijiukuta cha udongo nyuma yake, upande wa juu. Humo ndimo inamoota miti ya jamii ya mkuyu inayopenyeza mizizi kwenye ufa, ndimo bibi anapopanda mchicha, ndimo maji ya mvua yanapopumzika kabla ya kushuka. Ukilitoa jiwe lile, kijiukuta kinabomoka. Masika ya kwanza tu, udongo wote umeingia mferejini, mfereji umeingia Mto Mirongo, na Mirongo inaingia ziwani katikati ya jiji. Nendeni mkapite kwenye daraja lake siku ya mvua kubwa muone rangi. Na udongo hauendi peke yake. Unabeba mbolea, unabeba maji ya vyoo kutoka kwenye vilima ambavyo huwezi kuchimba shimo kwa sababu futi mbili tu umegonga mwamba. Vyote hivyo ni chakula cha mwani. Mwani unanawiri, maji yanakuwa ya kijani, sahani inapotea mapema, na samaki wa Mwalimu hamuoni mchumba wake. Mtu anagonga nyundo kilimani, ndoa inavunjika ziwani.

Mama zangu wa kokoto, msinikunjie uso. Najua mnavyofanya kazi. Nimekaa nanyi chini ya turubai. Vijana wanawasha moto wa kuni na matairi juu ya jiwe hadi linapasuka na kubanduka vipande, wanaviteremsha, kisha mnakaa mnaponda kwa nyundo ndogo, kipande kimeshikwa na vidole vya mkono wa kushoto au na mpira uliokatwa kwenye tairi ili nyundo isile kidole. Vumbi lile la kwatsi linaingia kifuani na haliji kutoka. Mnauza kwa ndoo. Lori linakuja kuchukua kwa bei ya lori, na faida haibaki kwa mwenye nyundo. Mtu akiniambia kwamba hawa ndio waharibifu wa Ziwa Victoria, nitamuuliza nyumba yake imemwagiwa zege la kokoto za wapi.

Na kama tunatafuta wa kuanza naye, mimi ningeanzia palepale kwenye rasi, kwa watu wenye uwezo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema wazi, kifungu cha 57: shughuli za kudumu za kibinadamu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya urefu wa kiwanja cha mpira. Tembeeni ufuoni mhesabu hatua. Mtakuta kuta zimeshuka hadi majini, mtakuta mawe yamelipuliwa ili mtu apate gati la boti yake au bustani ya majani laini, na mchanga umemwagwa juu ya miamba ili mgeni asiumie miguu. Mchanga ule ukisogea na mawimbi unaziba mianya. Mwanya ukizibwa, furu hana nyumba, na ufuo sasa umekuwa laini vya kutosha kwa kokoro. Mama wa Mabatini anavunja jiwe apate ada ya mtoto. Huyu anavunja apate mahali pa kuweka kiti cha jua. Wote wanavunja, lakini msiniambie ni kesi moja.

Mwaka 2020 ziwa lilipojaa kupita kawaida, kila mtu aliona nani alikuwa amejenga wapi. Penye mwamba maji yalipanda yakashuka, basi. Penye ukuta uliowekwa kwenye kifusi, ukuta ulikwenda na maji.

Kuna jambo lingine la Capri Point ambalo wengi hamlifikirii mnapofungua bomba. Chanzo kikubwa cha maji ya jiji hili kiko palepale kwenye rasi. Mitambo ya mamlaka yetu ya maji pale ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 90 kwa siku, na ilipoelemewa ndipo kikajengwa kile cha Butimba cha lita milioni 48. Maji machafu yanahitaji dawa zaidi na kuchujwa zaidi, na gharama hiyo mwishowe inaishia kwenye bili. Kwa hiyo ndugu yangu unayesema "mimi sili furu, wanihusu nini", unakunywa maji yake. Mnategemea maji mamoja.

Nisiwe mchungu tu, yapo yanayokwenda vizuri. Katika baadhi ya vilima vyetu yamelazwa mabomba membamba ya majitaka yanayopita juu juu kati ya nyumba na mawe, bila kuhitaji mtaro mkubwa, na kaya ambazo zamani zilisubiri mvua ili zifungulie choo sasa zimeunganishwa. Kama bomba limefika mtaani kwenu na hujaunganisha kwa sababu unaogopa gharama, nenda kaulizie upya. Furu nao wameonyesha ukaidi: sangara alipoanza kupungua kwa kuvuliwa sana miaka ya 1990, baadhi ya aina zilizodhaniwa kwisha zilirudi ghubani. Hazikurudi zote, na waliorudi si wale kabisa. Lakini walirudi.

Na tunayo Saanane. Kisiwa kile kilikuwa makazi ya mzee mmoja, mkulima na mvuvi, Saanane Chawandi, na jina likabaki. Mwaka 1964 pakaanzishwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Mwaka 2013 pakawa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa Tanzania. Nasisitiza, pamoja na maji yake. Sehemu kubwa ya hifadhi hii ni maji, na mpaka wake umezunguka mawe yaliyozama. Walioichora, walijua au hawakujua, waliweka ulinzi mahali panapostahili.

Wanafunzi, mkipelekwa Saanane msikimbilie simba tu. Kaeni kwenye jiwe kimya kwa muda. Atatoka mjusi wa miambani, ambaye jina lake la kitaalamu, Agama mwanzae, limebeba jina la mji wenu. Dume lake lina kichwa na mabega ya rangi nyekundu ya kuungua na mwili wa buluu iliyoiva, na akiona dume mwenzake anaanza kupiga push-apu, kweli kabisa, anainua na kushusha kifua huku amemkazia macho. Watalii wanalipa kuja kumpiga picha. Sisi huwa tunamrushia mawe. Na mkiona michirizi myeupe kama chokaa iliyoshuka kwenye uso wa mwamba, angalieni juu yake kuna ufa: hapo ni kwa pimbi. Ule weupe ni wa mkojo wao, wanakojoa mahali pamoja vizazi na vizazi, madini yanaganda. Pimbi, kwa ukubwa wa sungura, ni ndugu wa mbali wa tembo. Sikutunga hilo, muulizeni mwalimu wenu wa baiolojia.

Sasa nije kwenye yale mliyonikabidhi kwa karatasi kabla ya kusimama hapa. Mvuvi mmoja ameandika: furu wa mawe hauziki, tumlinde ili iweje? Ndugu yangu, ukitega ndoana za sangara unatumia chambo gani? Wengi mnatumia furu akiwa hai. Na sangara mdogo anakula nini kabla hujamkuta sokoni Mwaloni? Anakula dagaa, anakula uduvi, anakula furu. Hesabu yako ya sangara inaanzia huko chini, hata kama kwenye mizani haionekani.

Mwingine ameuliza kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wenu kinaweza kufanya nini kuhusu watu wa kilimani wakati mamlaka yake ni ufuoni. Kwa sheria, kidogo. Lakini hakuna kinachowazuia kushusha ile sahani kila Jumamosi mahali palepale na kuandika namba kwenye daftari. Mkifika kwenye kikao cha kata na daftari la masika mawili, mkaonyesha kwamba kila mvua kubwa maji yanapoteza sentimita kadhaa za uangavu kwenye mdomo wa Mirongo, hapo mnazungumza na mhandisi kwa lugha yake. Malalamiko yetu wameyazoea. Namba za mwaloni hawajazizoea.

Swali la mwisho ni la kijana anayejenga huko Igogo. Ana jiwe kubwa katikati ya kiwanja, fundi amemwambia bila kulipasua hakuna nyumba. Kijana, tafuta fundi mwingine. Nyumba nyingi za kilima chako zimekaa juu ya mwamba bila kuuvunja: unainua msingi wa mawe upande wa chini hadi usawa wa jiwe, jiwe lenyewe linakuwa sehemu ya msingi, na hakuna msingi wa kumwaga utakaoushinda huo. Chumba kimoja kitakuwa juu hatua mbili kuliko kingine, sawa. Lakini usichimbe chini ya jiwe, hata kidogo, wala usiondoe yale madogo yaliyolikabili upande wa bonde, kwa sababu hayo ndiyo yaliyolishika, na chini yako kuna nyumba za watu. Weka mfereji nyuma yake ili maji yasitafute njia sakafuni kwako. Gharama ya nondo utakayookoa na gharama ya kupasua, zipigie hesabu kwanza kabla hujaita watu wa moto na nyundo.

Nimemaliza niliyokuwa nayo. Mzee wa kofia pale nyuma alinyoosha mkono mapema, apewe kipaza sauti. Wabeja!